Ukitaka kiwanja Muriet, Arusha, kwanza panda daladala

Dalali atakupeleka Jumapili saa tano, kwa gari, barabara tupu. Mimi naendesha Hiace njia hii, nakwambia njoo Jumatatu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi simama kituo cha karibu na hicho kiwanja, uone kama utapata siti au utaning'inia mlangoni. Jioni rudi vilevile. Kilomita za dalali hazina foleni.

Ukiridhika, rudi tena masika, Aprili. Udongo wa huku ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka bodaboda anakushusha, umalizie kwa miguu, viatu mkononi.

Kisha pima kutoka katikati ya barabara mpaka kiwanja. Sheria ya Barabara ya 2007 imeweka hifadhi ya barabara kuu, yaani eneo la barabara usiloruhusiwa kujenga, kuwa mita 30 kila upande kutoka katikati, siyo 22.5 za zamani. Beba futi kamba. Hatua za dalali ni fupi kuliko za binadamu wengine. Ukuta wa jirani ukiwa na X nyekundu, wewe ondoka tu, hiyo ni kubomolewa bila fidia. Na kama ni upande wa pili wa barabara ya mchepuo, uliza wenyeji watoto wanavukia wapi kwenda shule.