SOMO: Kutengeneza kitabu cha picha cha watoto, ukiandika na kuchora mwenyewe

Wengi wakitaka kutengeneza kitabu cha watoto huanza na rangi. Huchora ukurasa mmoja mzuri kweli, jamaa wanausifu, na kitabu kinaishia hapo. Weka rangi kando kwanza, utafute stepla.

Hatua ya 1: Kijitabu cha majaribio. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje pamoja katikati, piga pini kwenye mkunjo. Una kurasa 32. Idadi hiyo inatoka kiwandani: karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili na kukunjwa hadi kuwa kurasa 16, na mbili za namna hiyo ndizo 32. Kama fedha ni kidogo, 16 au 24 zinatosha, ila kitabu cha pini lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4.

Ukurasa wa 1 uwe wa jina, wa 2 wa hakimiliki, hadithi ianze wa 3. Zinabaki jozi 14 za kurasa zinazotazamana, na ukurasa mmoja wa mwisho.

Hatua ya 2: Panga mafunuo, yaani pale mtoto anapofunua ukurasa. Hapa ndipo ulipo ufundi wenyewe. Ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, ndio wa mwisho kuonekana kabla mtoto hajafunua. Swali likae hapo, jibu lisubiri upande wa pili. Tuseme Zuhura anamtafuta kuku wake. Ukurasa wa 11: "Mara akasikia kitu kinakwaruza mlangoni." Basi, usiongeze neno. Mtoto anafunua, ukurasa wa 12 anakutana na mbuzi wa jirani, kapu limemnasa kichwani. Ukimchora mbuzi kwenye ukurasa wa 10 au wa 11, mtoto atamwona kabla mama hajamaliza sentensi, na mzaha umekufa.

Soma kijitabu chote kwa sauti huku ukifunua. Utasikia mwenyewe panapozubaa.

Hatua ya 3: Futa maneno. "Zuhura alivaa gauni jekundu, akasimama chini ya mwembe." Hiyo yote ni kazi ya brashi, ifute. Bakiza yasiyochoreka: sauti, harufu, muda, anachowaza mtu. Tena ruhusu picha ibishane na maandishi. Maneno yanasema "Alitafuta kila mahali". Kwenye picha, mkia wa kuku umechomoza nyuma ya tenga. Mtoto asiyejua kusoma ndiye atakayempigia kelele anayesoma. Anayeandika na kuchora mwenyewe ana raha hapa, maana anafuta sentensi nzima bila kugombana na mtu.

Hatua ya 4: Mhusika. Mchore mbele, ubavuni, mgongoni, akikimbia, akilia, kabla ya kugusa ukurasa wowote. Mtu mzima ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi. Mtoto wa miaka 6, karibu 6. Asiyelizingatia hilo huishia kuchora watu wazima wafupi waliovaa sare za shule.

Hatua ya 5: Rangi. Pitisha mchoro milimita 3 nje ya mstari wa kukatia. Uso wa mtu usiangukie kwenye mkunjo. Skani kwa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Na ile kijani inayong'aa kwenye skrini itafifia kwenye karatasi, kwa kuwa mashine huchapa kwa samawati, majenta, njano na nyeusi. Dai sampuli kwanza.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Mimi naandika tu, kuchora sijui. Nimwelekeze mchoraji kila kitu?*
Marahaba. Hapana. Mpe hadithi, mgawanyo wa kurasa, na yale tu ambayo asipoyajua hadithi itaharibika, kama ule mkia wa kuku. Malipo andikianeni mapema: ni mrabaha (sehemu ya mauzo) au ni kwa mkupuo, na michoro halisi inabaki kwa nani. "Tutaelewana mbele ya safari" imevunja urafiki mwingi.

*Mkuu, niandike kwa vina?*
Vina ni rahisi, irabu zetu ni tano tu. Mizani, yaani idadi ya silabi, ndiyo inayowashinda watu: mstari wa silabi 8 ukifuatwa na wa silabi 11, msomaji anajikwaa. Usipoweza kuhesabu, tumia kibwagizo kinachorudi kila baada ya kurasa kadhaa.

*ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, napata wapi? Na kuingia shuleni je?*
Tanzania ni Bodi ya Huduma za Maktaba. Kenya ni Huduma ya Maktaba ya Taifa. Kwa shule kuna ithibati, yaani idhini ya kitabu kutumika shuleni, ya Taasisi ya Elimu Tanzania au ya KICD, taasisi ya mitaala, kwa Kenya. Soma miongozo yao kabla hujachagua ukubwa wa kitabu.

*Nachora kwa simu, inafaa?*
Inafaa ikiwa programu yako inakubali turubai (eneo la kuchorea) kubwa. Kurasa mbili za A5 zinazotazamana zinahitaji pikseli 3508 kwa 2480, halafu ongeza 36 kila upande kwa zile milimita 3.