Marathoni yako ya kwanza: wiki 24 za kujiandaa, kutoka Dar hadi mlima wa Mweka

Kila Januari napigiwa simu na watu walioshajiandikisha kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon. Wanauliza wafanye mazoezi gani kwa wiki sita zilizobaki. Huwa nawajibu wabadilishe, wakimbie 21 mwaka huu, na 42 tuzipange za mwakani. Najua jibu hilo linauma kwa mtu aliyekwisha kuwatangazia nyumbani na kazini. Tatizo ni kwamba moyo na pumzi huzoea mbio ndani ya wiki chache, lakini kano, mifupa na maungio vinadai miezi. Mtu anajisikia ana pumzi za kutosha, anaongeza kilomita, na wiki ya tano ugoko unamuuma hata akipanda daladala.

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye hajawahi kukimbia hata kilomita tano mfululizo, anaishi Dar es Salaam, na analenga mbio hizo za Kilimanjaro, zinazofanyika Moshi, ambazo kwa kawaida huangukia mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Hesabu wiki 24 kurudi nyuma, utajikuta katikati ya Septemba. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Pima afya, kisha tazama kalenda

Nenda zahanati upimwe presha, sukari na wingi wa damu. Ukiwa umevuka miaka 40, au kwenu kuna mtu aliyewahi kuanguka ghafla kwa moyo, mweleze daktari waziwazi kwamba unataka kukimbia kilomita 42 akupime na moyo pia. Kina dada, msipuuze kipimo cha damu. Nimekimbia na wanawake waliodhani ni wavivu, kumbe damu ilikuwa chini.

Kwa wanaofunga: miaka hii mbio za Moshi zinaangukia ndani ya Ramadhani au karibu nayo. Mwaka 2026 mfungo ulianza wiki ya tatu ya Februari, na 2027 unatarajiwa kuanza mapema zaidi mwezi huohuo. Kilomita 42 bila maji hazikimbiliki kwa usalama, na sitamshauri mtu yeyote ajaribu. Chagua mbio za wakati mwingine, kama Dodoma mwezi Julai au Nairobi mwezi Oktoba, na usogeze ratiba hii ilivyo.

Hatua ya 2: Raba

Huhitaji raba za gharama. Za mtumba kutoka soko la Karume zinafaa kama utazikagua. Bonyeza soli kwa kidole gumba: ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa, ziache. Ziweke juu ya meza uzitazame kwa nyuma. Zikiwa zimelalia upande mmoja, zitalaza na mguu wako. Mbele ya kidole kirefu kibaki kijinafasi cha upana wa kidole kimoja, maana mguu huvimba ukikimbia saa nyingi. Nunua jioni, mguu ukiwa umeshatembea kutwa.

Hatua ya 3: Jifunze kukimbia polepole

Kama utashika jambo moja tu katika mwongozo huu, shika hili.

Waliosoma shule za msingi Tanzania wanakumbuka mchakamchaka wa asubuhi. Mmoja anaongoza wimbo, wengine wanaitikia, miguu inafuata. Ule ndio mwendo wa marathoni. Ukiweza kuitikia wimbo bila kukatika pumzi katikati ya mstari, mwendo ni sahihi. Ukianza kuitikia nusu nusu, umezidisha. Punguza hapohapo, hata kama itabidi utembee.

Mwendo huo utauona mdogo mno. Wengi wa ninaoanza nao hukimbia kilomita moja kwa dakika 8 au hata 9, na vijana wa joging ya mtaani huwapita wakiimba. Waache wapite. Ukikimbia polepole kwa muda mrefu, moyo hujifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, mishipa midogo ya damu huongezeka ndani ya misuli, na mwili huzoea kuchoma mafuta badala ya kumaliza sukari upesi. Ukikimbia kwa nguvu kila siku, utakuwa umechoka kila siku, na mtu aliyechoka ndiye anayeumia.

Dada mmoja mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo aliwahi kuniuliza, wiki ya tatu, kama namdharau kwa kumkimbiza taratibu hivyo. Nilimwomba aniamini mpaka Desemba. Alimaliza Moshi bila kuumia hata siku moja katika miezi yote sita, na hadi leo yeye ndiye anayewazuia wageni wanaochomoka mbele.

Hatua ya 4: Wiki ya 1 hadi ya 8

Siku tatu kwa wiki, tuseme Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, dakika 30 hadi 40 kila siku. Wiki mbili za kwanza kimbia dakika 2, tembea dakika 2, rudia mpaka muda uishe. Kila wiki punguza kutembea na ongeza kukimbia, ili wiki ya 8 ikifika uweze kukimbia dakika 45 mfululizo kwa mwendo wa mchakamchaka. Jumamosi irefushe kidogokidogo mpaka kilomita 10.

Toka saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia Desemba, kaskazi ikishaingia, saa moja asubuhi jua la Dar linakuwa limeshawaka na mwili unatumia nguvu kujipoza badala ya kukimbia. Kimbia na wenzako kwa usalama. Kaa upande wa kulia wa barabara ili magari na bodaboda uyaone yanakuja, na vaa kitu kinachoakisi mwanga.

Siku mbili kati ya zile za mapumziko, fanya dakika 15 za nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kusimama kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi ili kukaza vigimbi, na kulala chali ukiinua nyonga. Nyonga dhaifu ndiyo chanzo cha magoti mengi yanayouma.

Hatua ya 5: Mbio ndefu ya Jumamosi

Kuanzia wiki ya 9 ongeza siku ya nne ya mbio fupi, dakika 40. Jumamosi ndiyo inayokujenga. Kilomita zake ziende hivi:

Wiki ya 9 hadi ya 12: 12, 14, 16, kisha shuka hadi 12.
Wiki ya 13 hadi ya 16: 18, 20, 22, kisha 15.
Wiki ya 17 hadi ya 19: 24, 27, kisha 20.
Wiki ya 20 na ya 21: 29, kisha 32.

Zile wiki za kushuka usiziruke hata ukijisikia una nguvu. Mwili hujijenga ukiwa umepumzika. Na ukifikisha saa tatu na nusu za kukimbia kabla ya kumaliza kilomita za siku hiyo, simama, panda bajaji urudi nyumbani. Baada ya hapo uchovu unaoupata ni mkubwa kuliko faida.

Wengi wananiuliza kwa nini hatukimbii 42 mazoezini ili kuwa na uhakika. Kwa sababu utahitaji wiki tatu au zaidi kupona, na wiki hizo ndizo ulizotakiwa kufanyia mazoezi.

Hatua ya 6: Vilima, kwa sababu ya Mweka

Hapa ndipo wakimbiaji wa Dar wanapoumbuka. Mbio za Moshi zinaanzia na kuishia Chuo Kikuu cha Ushirika. Nusu ya kwanza ya 42 inatoka mjini kufuata barabara ya Dar es Salaam na kurudi, na njia ni nyepesi. Nusu ya pili inageukia mlimani, inapanda kupita migomba na mikahawa mpaka kijiji cha Mweka, zaidi ya mita 200 juu ya mji, ndipo inateremka. Yaani mlima unaukuta miguu ikiwa imeshakimbia 21.

Mara yangu ya kwanza nilikimbia ile barabara ya Dar kwa furaha. Asubuhi ilikuwa ya ubaridi, kilele cha Kibo kinaonekana, nikajiona niko mbele ya muda wangu kwa dakika kumi. Mweka ilizichukua zote, ikaongeza arobaini juu. Niliumaliza ule mlima kwa kutembea, mapaja yamekaza kama mbao, na hakuna jambo katika mwongozo huu ninalolisema kwa uchungu zaidi ya hili: nusu ya kwanza ikimbie kana kwamba bado hujaanza.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya 9, Alhamisi iwe siku ya vilima. Mlimani pale Chuo Kikuu panatosha. Panda kwa dakika 2 kwa hatua fupi, mikono ikifanya kazi, teremka taratibu, rudia mara 5. Ongeza hadi mara 10 kufikia Januari. Mteremko nao ufanyie mazoezi, maana kushuka kutoka Mweka ndiko kunakochana mapaja. Mara mbili katika Desemba na Januari, mbio ndefu ipeleke vilima vya Pugu.

Hatua ya 7: Kula na kunywa ukiwa njiani

Akiba ya sukari iliyo kwenye misuli na ini haitoshi kilomita 42. Watu wengi inawaishia karibu na kilomita ya 30, na hapo miguu hugoma na kichwa hukata tamaa kwa pamoja. Dawa ni kula kabla haijaisha. Kila saa ya mbio mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga. Ndizi mbivu moja ya wastani ina kama 25, tende tatu kubwa zinazidi 45. Anza kula dakika ya 40, kidogokidogo, hata kama huna njaa.

Fanyia mazoezi haya kila Jumamosi, kwa sababu tumbo nalo hufunzwa. Kabla ya kutoka, chai na mkate mweupe au viazi vitamu vinatosha. Maharage na maziwa yaache mpaka urudi.

Maji kunywa kwa kiu, mafunda machache kila kituo. Usijilazimishe kunywa lita na lita: maji mengi mno hupunguza chumvi kwenye damu, na hilo limewahi kuua wakimbiaji. Siku za joto changanya na chumvi kidogo na sukari, au tumia ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, ya duka la dawa.

Hatua ya 8: Tofautisha uchovu na jeraha

Misuli ikiuma pande zote mbili na ikapungua ukishapasha mwili, endelea. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole, yanayozidi kadiri unavyokimbia au yanayokufanya uchechemee, ni ya kusimama. Pumzika siku tatu hadi tano. Yasipoisha, muone daktari. Kupoteza wiki moja Novemba si kitu.

Usimeze dawa ya maumivu kama diklofenaki ili ukimbie, hasa siku ya mbio. Ukiwa umepungukiwa maji, dawa za aina hiyo zinaweza kuumiza figo, na zinaficha maumivu uliyopaswa kuyasikia. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au moyo kudunda ovyo: simama papo hapo, omba msaada.

Hatua ya 9: Wiki tatu za mwisho

Mbio ndefu zishuke: 20, kisha 12, kisha ni mbio zenyewe. Siku zako zibaki zilezile, muda upungue nusu. Utajisikia mzito na utashawishika kwenda kujipima. Usiende. Siku tatu za mwisho ongeza wali, ugali, viazi na ndizi, punguza mafuta. Safiri Ijumaa, usisubiri Jumamosi. Saa nyingi za basi hukakamaza miguu. Njiani simama kila basi linaposimama.

Hatua ya 10: Siku ya mbio

Raba, soksi, bukta na sidiria ziwe zilezile ulizozizoea. Paka mafuta ya mgando mapajani, kwapani, kwenye vidole vya miguu na kwenye chuchu. Chooni nenda mapema, foleni ni ndefu.

Septemba 2025 kule Tokyo, Mtanzania Alphonce Simbu alishinda ubingwa wa dunia wa marathoni kwa tofauti ya sehemu tatu za mia za sekunde, muda wake 2:09:48. Alikaa na kundi mpaka mwisho, akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye mstari wenyewe. Kama bingwa wa dunia anaweza kusubiri kilomita 42, wewe unaweza kusubiri 21 za barabara ya Dar. Kwa anayelenga dakika saba na nusu kwa kilomita, jumla ni saa tano na robo hivi. Basi kilomita kumi za kwanza zikimbie kwa dakika nane kila moja. Mweka panda kwa hatua fupi, na penye mwinuko mkali tembea kwa makusudi, dakika moja moja, kabla hujalazimishwa. Ukifika juu, bado una nguvu za kuteremka.

Ukivuka mstari usikae chini. Tembea dakika 15, kunywa, kula kitu chenye chumvi, vaa nguo kavu. Wiki nzima usikimbie, tembea tu jioni. Ngazi shuka kinyumenyume ukishikilia. Kucha ikiwa nyeusi usiing'oe. Itaanguka yenyewe nyingine ikishaota chini yake.