Jinsi ya kupata muda wa kuandika hadithi ukiwa na shughuli nyingi

Wengi wanaotaka kuandika riwaya huku wana kazi na watoto husubiri wapate saa mbili tupu kwa siku. Saa hizo hazipo. Hata zikipatikana, sehemu kubwa huishia kwenye kujikumbusha hadithi ilifika wapi. Kinachomla mwandishi mwenye shughuli ni kuanza upya kila anapokaa. Ukilipunguza hilo, dakika 20 zinatosha. Mimi naandika hivi.

Hatua ya 1: Ichunguze siku yako
Kwa siku 3 usipange chochote. Andika tu ulifanya nini kila saa, na useme kweli kuhusu muda wa simu. Utaona vipenyo: kabla wengine hawajaamka, ndani ya basi, mwisho wa mapumziko ya mchana. Chagua kimoja, kile ambacho akili yako bado ina nguvu. Usiku wa manane siupendekezi kwa mtu aliyeshinda kazini, atasinzia tu.

Hatua ya 2: Kiambatanishe na jambo unalolifanya tayari
"Nitaandika asubuhi" haitoshi. Sema: "Nikishapiga mswaki naandika, kabla sijashika simu."

Hatua ya 3: Hesabu maneno
Anza na maneno 200 kwa kikao. Siku 5 kwa wiki, wiki 50 kwa mwaka, ni maneno 50,000: riwaya fupi kamili. Anthony Trollope, mwandishi Mwingereza wa karne ya 19, aliandika alfajiri kabla ya kwenda kazini posta. Aliweka saa mbele yake na kujidai maneno 250 kila robo saa. Huhitaji kasi yake, ila tabia ya kuhesabu inafaa kuigwa, kwa sababu maneno unaweza kuyaona na kujua kwamba kazi ya leo imekwisha.

Hatua ya 4: Acha sentensi njiani
Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Usimalize kikao mwishoni mwa sura. Koma katikati ya sentensi ambayo mwisho wake unaujua. Tuseme umeandika:

"Salma alifungua bahasha, akahesabu noti, kisha akazipanga mezani moja moja huku"

Simama hapo. Chini yake weka maelezo mafupi kwenye mabano: nani yupo, anataka nini, nini kinakaribia kuharibika.

(Salma na kaka yake. Kaka hataki deni litajwe. Mama yuko mlangoni.)

Kesho ukikaa tu, unamalizia "huku akimkwepa kaka yake macho," na hadithi imeshaanza kusonga. Huna sababu ya kusoma kurasa kumi za nyuma, na nakusihi usizisome. Ukizisoma utaanza kubadilisha neno hapa, kufuta sentensi pale, mpaka muda uishe hujaongeza hata mstari.

Hatua ya 5: Tunga ukiwa mbali na meza
Unapofua, unapotembea au ukiwa kwenye foleni, beba swali moja dogo. "Hadithi iendeje?" ni kubwa mno. "Mama akiziona zile noti, atasema nini kwanza?" linajibika. Jibu likija, lirekodi kwa sauti kwenye simu papo hapo. Mazungumzo ya wahusika hasa hupatikana hivi, maana unayasikia kabla ya kuyaandika.

Hatua ya 6: Kuhariri kuwe na siku yake
Kikao kimoja kwa wiki kinatosha. Siku nyingine, neno likikusumbua, lipigie mstari usonge mbele.

Hatua ya 7: Waeleze wa nyumbani
Usiwaambie "msinisumbue". Waambie unaanza lini na unamaliza lini: "Naomba mpaka saa 12 na nusu, kisha nipo." Muda ukifika, inuka kweli. Watoto nao huweza kungoja wakishazoea kwamba ahadi inatimizwa.

Ukikosa siku, usiilipe. Kukosa jana hakufanyi leo iwe ya maneno 400. Deni la namna hiyo likikua, watu huacha kuandika kabisa. Andika 200 zilezile. Na ukipotea kwa wiki kadhaa kwa sababu ya ugonjwa au kazi, pitia mabano tu, tangu la kwanza mpaka la mwisho, kisha umalizie sentensi uliyoiacha.