Somo: Waya wa diski ya nje (soma lote ndipo uulize)

Swali ni lile lile kila wiki: "Diski yangu mpya, mbona inanakili kwa kujikokota?" Diski mara nyingi haina kosa, waya ndio wa chaja. Kuanzia leo nitawaelekeza hapa.

1. Tazama tundu la diski: Micro-B pana (bapa, lenye sehemu mbili) au USB-C (dogo, la duaradufu).

2. Tazama tundu la kompyuta. La bluu kwa kawaida ni USB 3, ile ya kasi.

3. Hapa ndipo hela za watu zinapoliwa. Umbo la USB-C halikwambii kasi. Nyaya nyingi zinazokuja na simu ni USB 2 kwa ndani: megabiti 480 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 40 ukinakili. Diski ya kuzunguka hupita 100, SSD (isiyo na kitu kinachozunguka) ndiyo usiseme. Muuzaji pale Mutaasa Kafeero, jengo la maduka Kampala, akisema "hii iko fasta", muulize: kuchaji au data? 100W kwenye boksi ni umeme tu. Tafuta 5Gbps au 10Gbps (gigabiti kwa sekunde), hiyo ndiyo kasi ya data. Na boksi lisikulevye. Nenda na laptopu na diski, nakili faili MOJA ya GB 5 kabla hujalipa. Ikifika dakika mbili, mrudishie waya wake. Usipime kwa mapicha madogo madogo, hayo huchelewa hata kwenye waya mzuri.

4. Urefu: mita moja inatosha.

MASWALI

Mdau, Jinja: Nimenunua wa mita tatu, diski inalia tik-tik halafu inapotea. Imekufa?
— Hatua ya 4, ssebo. Waya mrefu mwembamba hupoteza volti njiani, mota inashindwa kuzunguka. Chomoa, weka mfupi. Ikilia bado, hapo ogopa.

Mdau, Arua: Upi mzuri?
— Umesoma?

Mdau, Mbarara: Natumia Linux. Naweza kujua kasi bila kunakili?
— Naam. Andika lsusb -t kwenye terminali: 480M ni USB 2, 5000M ni USB 3. Ukiona 480M kwenye waya mzuri, usiutupe kwanza. Plagi ya bluu ikiingizwa polepole, pini za USB 2 hugusa mwanzo na kompyuta inaishia hapo. Chomeka kwa mkupuo. Ya USB-C, igeuze. Kasi ikibadilika, pini za upande mmoja zina uchafu au zimechoka.

Mdau, Mbarara: Kweli, nimegeuza imekuwa 5000M! Asante.

Mdau, Kampala: Nyongeza: usiuzungushie kwenye diski ukipanda boda, hukatikia shingoni.
— Na usiuache umechomekwa ndani ya begi. Tundu la diski likilegea, fundi atakutoza kuliko waya.