Ukiulizwa "mtoto kafanyaje?" kwenye daladala

Swali hilo litakuja tu. Mimi lilinikuta kwenye daladala ya Igoma, naenda kliniki hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, mtoto nimempakata. Mama mmoja mwenye ndoo ya sato akaniuliza kwa sauti, "Mayu, kichwa cha huyu mtoto kimefanyaje?" Gari zima likageuka. Nililia hadi nashuka.

Siku hizi jibu naliandaa kabla sijapanda gari. La wapita njia liwe fupi: "Alizaliwa na mgongo wazi, maji yakajaa kichwani, kawekewa mpira wa kuyatoa, anaendelea vizuri." Usinong'one. Ukimaliza, ulizia bei ya sato. Sitanii, swali la bei hufunga mjadala kuliko maelezo ya nusu saa.

Maswali ya nyumbani ndiyo magumu. Mama mkwe alikuwa akirudia kwamba ukoo wao haujawahi kuzaa hivyo. Usibishane, maana hutashinda. Mbebeshe begi la mtoto uende naye kliniki, na uhakikishe anaingia ndani, asibaki kwenye benchi. Wa kwangu alimsikia nesi kwa masikio yake: mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 tangu mimba itungwe, wakati mama mara nyingi hata hajajijua. Njiani kurudi aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto ameshiba.

Mume usimwambie "nisaidie", mpe kazi yake. Wangu nilimkabidhi kuangalia dalili za mpira kuziba: kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, utosi kuvimba, macho kuzama chini kama jua la jioni. Ukiona hizo, hospitali usiku huohuo. Ndiye aliyeniamsha safari ile mpira ulipoziba.

Kikundi cha kukopa waambie mapema siku zako za kliniki, na hisa umpe mwenzako akupelekee. Nilijificha miezi mitatu, faini zikanikimbiza. Ukitaka mtoto mwingine, muone daktari kabla ya kubeba mimba. Dozi yako ya foliki asidi, vitamini inayosaidia kukinga mgongo wazi, ni kubwa kuliko ya wengine.

Na kulia, lia. Mimi nalilia Mwaloni, kwenye soko la samaki, alfajiri nikingoja mitumbwi ya dagaa, maana pale kila mtu ana macho mekundu ya kukesha, hakuna anayekuuliza. Mbalamwezi ikikomaa mitumbwi haiingii ziwani, basi siku hizo nalilia bafuni.