Kupiga rangi madigadi na bampa mpya nyumbani: funga kwanza, fungua, ndipo upulize

Nguzo ya geti haikwepi gari. Nilikata kona mapema, na kwa pigo moja nikapoteza madigadi ya kushoto na bampa ya mbele. Vipuri vipya nilivyonunua havikuwa na rangi: madigadi nyeusi tii, bampa ya kijivu, na gari langu ni la rangi ya fedha. Mimi si fundi kwa kazi, mchana nashika daftari za hesabu. Ila tangu siku ile nimeshapiga rangi madigadi mbili, bampa tatu na mlango mmoja hapa uwani, na karibu kila kosa linalowezekana nimelifanya.

Kubwa kuliko yote lilikuwa la mpangilio. Madigadi ya kwanza niliipaka ikang'aa, nikaiacha ikauke vizuri, kisha nikaenda kuifunga. Matundu ya bolti hayakulingana. Nikachukua tupa nikapanua tundu, nikavuta, nikasukuma, na kila nilipovuta ukingo ulikula rangi ya mlango. Kipuri ambacho hakikutengenezwa na kampuni ya gari lenyewe huweza kupishana milimita kadhaa, na milimita tatu kwenye mwanya wa mlango zinaonekana hata na mpita njia. Kwa hiyo kabla hujafungua kopo lolote, kifunge kipuri kwenye gari. Kaza bolti zote, rudisha taa, shusha boneti, tazama mwanya kuanzia juu hadi chini. Pa kupanua panua sasa, pa kukunja kunja sasa, maana mikwaruzo yote ya leo itafunikwa na praima, yaani rangi ya msingi. Ukiridhika, kifungue.

Sasa ule weusi wa madigadi. Watu wengi hudhani ni praima tayari, wanapuliza juu yake moja kwa moja. Jirani yangu mmoja, fundi wa rangi aliyestaafu, alinikuta nikitaka kufanya hivyo akaniambia, "Mwanangu, ifute kwanza na thina uione tabia yake." Lowesha kitambaa cheupe kwa thina, sugua sehemu iliyofichika kwa nusu dakika. Weusi ukitoka na chuma kikaonekana, hiyo ilikuwa rangi ya kuzuia kutu njiani tu, itoe yote hadi kwenye chuma. Weusi ukibaki pale pale, basi ni ile tabaka ya kiwandani ambayo chuma huzamishwa ndani yake na kushikishwa kwa umeme. Hiyo usiitoe, maana wewe na mimi hatuna kinga ya kutu inayoishinda. Ikwaruze tu kwa msasa namba 320 hadi mng'ao wote ufe. Chuma kikitokeza kwenye kingo, pulizia praima ya epoksi siku hiyo hiyo. Ukikiacha wazi hadi kesho, unyevu wa usiku tu unatosha kuanzisha kutu.

Bampa ina mambo yake. Igeuze utazame upande wa ndani: mara nyingi kuna herufi zilizochapwa, kama PP+EPDM. Hiyo ni plastiki ambayo rangi haipendi kuishika, na juu yake bado kuna mafuta ya kuitolea kwenye kalibu. Ioshe kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo, mara mbili, pamoja na kingo na mapango ya taa za ukungu. Suuza uangalie: maji yakitanda, ni safi; yakijikusanya vitone, rudia. Halafu ifute kwa dawa ya kusafishia plastiki, siyo thina kali. Kusafisha ni kabla ya msasa, siyo baada yake tu, kwa sababu ukianza na msasa unayasukumia mafuta ndani ya mikwaruzo. Bampa iliyokuja na praima inatosha kukwaruzwa kwa namba 500. Iliyo plastiki tupu inataka kwanza praima ya plastiki, koti moja jembamba sana. Na kama gari lako lina rada nyuma ya bampa, usiweke pati (lami ya kujazia mashimo) wala kurundika makoti mbele yake: unene huo unaweza kuipotosha. Fuata kiwango cha kampuni ya gari.

Juu ya hapo inakuja praima ya kujaza, ile ya kuchanganya na hadina, dawa ya kuigandisha. Kipimo soma kwenye kopo lako, usinakili cha mwenzio. Langu lilikuwa sehemu nne za praima kwa moja ya hadina. Makoti mawili au matatu, ukingoja dakika kama 10 kati yake, kisha liache hadi kesho. Asubuhi pulizia vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya praima yote, halafu piga msasa kwa kibao. Weusi utafutika kwenye miinuko na kubaki kwenye mabonde, nawe utayaona mabonde ambayo macho yalikuwa yanayaruka. Usitumie vidole kushikia msasa, vidole huchimba mifereji. Mimi naanza na 400, namaliza na 600 wa maji. Kwa rangi za metaliki nakwenda hadi 800, kwa sababu chembe za alumini hukaa ndani ya mikwaruzo na kuionyesha yote.

Kuhusu rangi yenyewe: usiende dukani ukasema "fedha". Tafuta kodi, yaani namba ya rangi, kwenye kibati cha gari, chini ya boneti au kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwenye Toyota yangu iko mbele ya herufi C/TR, imeandikwa 1F7. Hata ukiwa na kodi, gari lililokaa juani miaka limebadilika, na kodi moja huwa na matoleo kadhaa. Pulizia kwanza kipande cha bati au kadi ngumu, makoti yale yale utakayoweka kwenye kipuri, na klia, ile rangi angavu ya mwisho, juu yake. Kipeleke kwenye gari mchana, juani na kivulini. Kabla ya kulinganisha, piga polishi mlango wa jirani na kipuri, la sivyo utalinganisha rangi mpya na uchafu. Metaliki ina ujanja mwingine: ukipuliza kwa mbali na kavu hutoka nyeupe zaidi, ukipuliza karibu na nzito huwa nyeusi zaidi. Ndiyo sababu bampa siilazi chini. Naitundika ikae kama inavyokaa garini, ili chembe zilale upande ule ule kama za gari.

Kabla ya kushika gani, bunduki ya kupulizia rangi, kuna suala la mapafu, na hapa sitanii. Hadina ya klia na ya praima ina isosayanaiti. Unaweza kuivuta kwa kiwango cha kudhuru bila kusikia harufu yoyote, na inaweza kukupa pumu. Mwili ukishaikataa mara moja, kiasi kidogo sana baadaye kinatosha kukubana kifua. Makopo ya kubonyeza yenye hadina ndani, yale unayotoboa kitako ndipo uyatikise, yana sumu ile ile. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii kitu. Wanaofanya kazi hii kila siku huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba, na mimi sasa nakodi hiyo. Kama huwezi kuipata, fanya yote mwenyewe hadi kwenye praima kavu iliyopigwa msasa, umpe fundi mwenye chumba cha kupulizia amalizie. Hakuna aibu, sehemu kubwa ya kazi utakuwa umeshaifanya. Glavu, miwani na ovaroli ni lazima. Zima kila chenye moto au cheche, watoto na kuku wakae mbali.

Siku ya kupuliza chagua isiyo na upepo wala mvua, joto la nyuzi 20 hivi au zaidi kidogo. Hewa yenye unyevu mwingi huifanya rangi ipauke kama maziwa. Mwagia sakafu maji kutuliza vumbi, toa maji kwenye kichujio cha kompresa, pitisha kitambaa chenye utomvu juu ya kipuri. Kwa rangi na klia natumia pua ya milimita 1.3, kwa praima 1.7, hewa ikiingia kwenye gani kwa baa 2 hivi. Anza na kingo za ndani na nyuma ya mikunjo. Kisha uso: sentimita 15 hadi 20, mkono ukitembea sambamba na kipuri, siyo kupunga kama unayeaga wageni. Vuta kifyatulio kabla hujafika ukingoni, kiachie ukishapita, na kila mstari ufunike nusu ya ule uliotangulia. Makoti matatu membamba hunitosha, ukingoja kila moja lipoteze mng'ao. La mwisho la metaliki nalipuliza jembamba kwa mbali kidogo ili kuondoa mawingu, yaani mabaka.

Klia ni makoti mawili: la kwanza la wastani, la pili lenye maji ya kutosha liwe kioo. Hapo ndipo rangi hulia. Ikianza kutiririka, iache. Niliwahi kufuta mchirizi kwa kidole na ikabidi nirudi hadi kwenye praima, ilhali ukikauka ungeondoka kwa msasa. Mdudu akitua, mwache naye.

Saa 24 baadaye, au kama kopo linavyosema, punguza mchirizi na vinundu kwa msasa wa 1500, kisha 2000, kisha 3000, umalizie na kampaundi, dawa ya kung'arishia. Kwenye kingo kali nenda polepole, klia hapo huwa nyembamba. Nta usipake kwa mwezi mzima, vimumunyisho bado vinatoka.

Wakati wa kufunga, bandika tepu kwenye kingo za mlango na boneti, na bampa ishikwe na watu wawili. Rangi iliyobaki bila hadina iweke kwenye kichupa kinachofunga vizuri, uandike kodi na tarehe. Kokoto zikidonoa boneti, huhitaji kuitafuta tena.