Tumbo la dada yule, na namna ninavyoandika faili sasa

Katika miaka 11 ya utabibu chumba cha dharura, aliyeninyima usingizi ni dada mmoja aliyekuja usiku na maumivu ya tumbo. Nikampa dawa ya vidonda vya tumbo, akaondoka. Alfajiri akarudishwa na bajaji, midomo imepauka, jasho jembamba: mimba ilitunga nje ya kizazi, mrija umepasuka. Alipona. Lakini kwenye faili nilikuwa nimeandika maneno mawili tu, "Maumivu tumbo." Nijitetee na nini?

Sasa mwanamke yeyote wa umri wa kuzaa akilalamika tumbo, napima mkojo kuangalia mimba, hata akiapa hana. Kifua kikiuma, kipimo cha umeme wa moyo ndani ya dakika 10; nikikisoma naweka saa na sahihi.

Andika pia ugonjwa ulioufikiria na kwa nini umeuondoa. Anayekataa kulazwa, sahihi yake peke yake haitoshi: andika hatari ulizomweleza. Kabla hajatoka, pima mapigo tena, kisha muulize ndugu yake, "Akizimia mnarudi lini?" Akisema "kesho", anza upya kumweleza.

Ukikosea kuandika, piga mstari mmoja, weka tarehe na sahihi. Ile rangi nyeupe ya kufutia iache kwa makarani.